Kabureta ya Pikipiki ya Mjomba

Mikumi, gerejini, jua bado lipo kidogo

Kwako Tatu, binti yangu,

Kati ya watu wote waliowahi kupita barabara ya kutoka Morogoro mpaka Iringa, ni mimi peke yangu ambaye simba aliketi katikati ya lami kusikiliza pikipiki yangu. Usicheke. Nilikuwa nakatiza mbugani asubuhi, kabureta nimeirekebisha kwa mikono yangu hii, injini inasema kwa sauti moja kama cherehani mpya. Simba dume akatoka kwenye majani, akaketi njiani, akalaza kichwa upande, akasikiliza. Aliporidhika akanyanyuka, akanipisha. Lori lililokuwa nyuma yangu likikohoa kama mvuta tumbaku hakulipisha. Dereva wake mpaka leo akipita hapa ananiamkia shikamoo, na kwa umri yeye ndiye mkubwa.

Ukimsimulia mama yako atasema yule simba alikuwa ameshiba. Mama yako anajua mambo mengi, ila injini hajui.

Watu waliosoma huanza barua kwa salamu mpaka karatasi inafika nusu. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo naruhusiwa kwenda moja kwa moja. Wewe na mama yako mmekwenda kuwaaga majirani wa nyuma ya soko. Mjomba wako Shabani yuko nje kwenye benchi langu, anakunywa chai yangu yenye sukari yangu, na sukari siku hizi unaijua inavyopatikana. Kila mteja anayefika anamwambia, "Kesho mtoto wangu anapanda basi, anakwenda chuo cha ufundi Morogoro." Mtoto wangu! Nimo humu ndani, nasikia kila neno, na nimeshika kalamu badala ya nyundo. Mshukuru Mungu.

Habari za kufua, kuanika, kutokula vya njiani na kutomwachia mtu sanduku, mama yako amekwisha kuzimaliza. Mimi nina jambo moja tu.

Leo mchana mama yako kaninong'oneza kwamba ukifika chuoni utaomba wakutoe kwenye injini wakupeleke kwenye kushona. Nikamwuliza kwa nini, kijiji kizima si kimempendekeza kwa injini? Akasema, "Anasema hana sikio la injini. Hivyo hivyo, kwa maneno hayo." Nikajifanya natafuta spana chini ya meza, nikaitafuta sana, na spana yenyewe ilikuwa mkononi mwangu.

Mjomba wako anasema kwamba mkifika mnawekewa injini ndogo mbele ya walimu, kila mmoja anaambiwa aiwashe na kuirekebisha, na asiyetaka kuigusa anapelekwa kwingine. Kwa hiyo keshokutwa kuna injini inakungoja, Tatu. Ukiipa mgongo hiyo moja, basi tena, hakuna wa kukurudisha. Ndiyo maana nimekaa kuandika, mimi ambaye hata shangazi yako hajawahi kuona mwandiko wangu. Soma mpaka mwisho, hata ukichoshwa na sifa zangu. Bila sifa sijui kutembea.

Unajua nilizaliwa Rudewa, kwenye kambi ya manamba. Babu yako alitoka Songea kuja kukata katani ya Mgiriki, na mimi nikakulia palepale kwenye harufu ya katani iliyolowa. Uhuru ulikuwa haujafika bado. Nilikuwa kijana wa kupaka grisi mashine, kifua mbele, mdomo mrefu kuliko sasa. Mgiriki alikuwa na kipikipiki chake, cha injini ile ndogo inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, kinalia kama nyuki kwenye debe. Siku moja kikagoma. Nikafungua kabureta, nikakuta kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli, jeti, kimeziba. Nikatafuta waya, nikakizibua. Kiki moja tu, kikawaka! Kambi nzima ilinisikia nikijisifu.

Haikupita wiki, kipikipiki kikawa kinakunywa petroli kama ng'ombe waliofika mtoni, moshi nyuma, plagi nyeusi tii. Waya wangu ulikuwa umekipanua kile kitundu. Mgiriki alinitukana kwa Kigiriki, na nilimwelewa neno kwa neno. Akanifukuza. Nikawa natembea barabarani katikati ya mashamba ya katani, kulia katani, kushoto katani, nalia, ndipo nikaona ujinga wangu. Unyuzi mmoja wa katani ungeingia kwenye jeti ile bila kukwangua hata chembe. Nimezungukwa na dawa, nikatumia sumu. Tangu siku hiyo sijatia waya kwenye jeti. Nawe hilo nilikufundisha, na nilikufundisha kwa haki.

Uhuru ukaja, tukacheza mpaka viatu vikaachia soli, wenye viatu. Baadaye nikafika hapa Mikumi, barabara kubwa inajengwa, magari yanaharibika, mtu mwenye spana anaheshimika kama shehe. Mama yako nilimwona Kisanga. Nilikwenda kurekebisha mashine ya kupulizia pamba dawa, nayo ina injini ile ile ndogo, unaibeba mgongoni. Niliivaa, nikaiwasha, nikazunguka nayo shambani mbele ya wasichana kama nimevaa koti la harusi. Wote walicheka. Mama yako peke yake alisema, "Kaka, unawaka moto kisogoni." Kweli, ekzosi ilikuwa inaunguza shati. Nikajua huyu ndiye.

Siku ya ndoa mjomba wako alinivuta pembeni. Yeye ndiye kaka mkubwa, na wewe unawajua watu wa mama yako: mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Akaniwekea mkono begani.

"Shemeji, mke tumekupa kwa mikono miwili. Watoto ni wetu."

Nikacheka. "Na mimi kazi yangu nini?"

"Wewe? Wewe utawachekesha."

Nilidhani ni utani. Kwetu Songea mtoto ni wa baba, hata kama baba mwenyewe ni hasara tupu. Nikamjibu kwa utani, watu wakafurahi, tukala pilau. Kumbe mwenzangu alikuwa amemaliza mkutano.

Ukazaliwa. Ulikuwa wangu, hapa hapa Mikumi, mpaka ukafikia umri wa shule. Ndipo ikaja habari ya vijiji vya ujamaa. Watu wa Kisanga waliokuwa wametawanyika wakawekwa pamoja kando ya barabara, kila kaya na kiwanja chake, na mjomba wako akachaguliwa mwenyekiti. Akaja kunichukua. Alikuja na heshima zote, siwezi kumsingizia.

"Shemeji, hamia kijijini. Kiwanja kipo, utakuwa fundi wa kijiji."

"Na nikitaka ruhusa ya kusafiri namwomba nani?"

"Mwenyekiti."

"Ambaye ni nani?"

Akatabasamu. "Shemeji, unanijua."

"Basi mimi ni mtu wa Mikumi."

Mama yako hakuwa mtu wa Mikumi. Shamba lilikuwa kule, bibi yako alikuwa kule, na mjomba akasema mtoto atasoma kule. Kwa desturi yao mjomba akishasema hivyo, baba ananyamaza. Nilinyamaza, lakini kwa mdomo tu. Mama yako akawa ni wa kuja na kwenda, na wewe ukawa ni wa kusubiriwa. Ningeweza kuhama. Kiwanja kilikuwepo, mti wa kivuli ulikuwepo, na kazi ilikuwepo. Nilibaki hapa kwa sababu sikutaka kuwa raia wa shemeji yangu, na nikawaambia watu nimebaki kwa ajili ya biashara.

Nilimwonea wivu yule mtu, Tatu. Nilimwonea wivu mpaka viatu vyake. Ulipougua malaria ni yeye aliyekubeba zahanati. Ulipokuwa wa pili darasani ni yeye aliyepigiwa makofi na wazazi wenzake. Wazazi wenzake! Ulipoota meno ya mbele ukaanza kucheka vizuri, ulicheka kicheko chake, kile cha kurudisha kichwa nyuma kama mtu anayemeza dawa. Nilikaa mbele ya kioo cha pikipiki ya mteja nikajaribu kucheka hivyo. Shingo iliniuma.

Kisha kijiji kikapata pikipiki, na hapo Mungu akanikumbuka. Ilikuwa ya injini ndogo, ya petroli na oili, na kutoka Kisanga mpaka hapa hakuna aliyeijua ila mimi. Mara ya kwanza inagoma, nakuona unakuja nayo, umekaa nyuma, umemkumbatia mjomba wako kiunoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba, mama. Umekua. Nani kakuruhusu?"

Mjomba wako akaweka pikipiki kwenye stendi. "Shemeji, mgonjwa kaja."

"Mgonjwa ni pikipiki au mwenye pikipiki?"

"Pikipiki. Mimi mzima, nakula chakula cha dada yangu kila siku."

Wateja walicheka. Nami nilicheka, nikachukua bisibisi. Niliirekebisha ile kabureta vizuri kuliko nilivyowahi kurekebisha kabureta yoyote, ili nimwonyeshe. Na huo ukawa ni ujinga wangu wa pili baada ya ule waya, maana pikipiki ikatulia. Mvua za vuli zikaja, zikapita, za masika zikaja, haikurudi. Na pikipiki isiporudi, wewe hurudi. Nilikuwa nakaa hapa mlangoni nikisikia kila injini ndogo inayotoka njia ya Kisanga, nasimama, naangalia, ni ya mtu mwingine.

Iliporudi hatimaye, nilikuwa nimekwisha kufikiri. Unaijua ile skrubu ya hewa, iliyo ubavuni mwa kabureta, ambayo ukiikaza petroli inazidi na ukiilegeza hewa inazidi. Chini yake kuna springi ndogo kama kijusi cha mende, kazi yake ni kuibana isijizungushe. Niliitoa nikaitia mfukoni. Barabara ya Kisanga ina mashimo yanayoweza kumzalisha mjamzito kabla ya miezi yake. Skrubu isiyo na springi ikitikiswa hivyo inajizungusha yenyewe, kidogo kidogo, mpaka injini inaanza kugugumia. Kila baada ya muda, huyoo, mgonjwa anakuja, na wewe nyuma yake.

"Shemeji, hii barabara inaua pikipiki," mjomba wako akasema.

"Serikali iiangalie," nikamjibu, uso mkavu.

Hizo ndizo zilikuwa siku zangu, Tatu. Unanishikia kikombe cha petroli, mimi nazibua jeti kwa katani, nakusimulia uongo wa simba, na mjomba wako kaenda kunywa chai hotelini. Oili ilipoadimika nikachanganya petroli na mafuta ya nyonyo, unakumbuka? Injini ikaenda kama kawaida, ila mtaa mzima ukanuka kama kuna watoto wanaoharishwa kwa lazima. Bibi Mwajuma wa mihogo akaja kuniuliza, "Fundi, nani mgonjwa?" Ulicheka mpaka ukamwaga kikombe. Na ulicheka kwa kurudisha kichwa nyuma, lakini siku hiyo sikujali kicheko ni cha nani.

Sasa ndio tunafika kwenye mawe ya safari hii.

Siku moja mjomba wako, bila ubaya wowote, maana ubaya wake mimi ndiye niliyekuwa nautengeneza kichwani, akasema, "Shemeji, mfundishe Tatu. Aitengeneze huko huko Kisanga. Kila mara safari, petroli yenyewe ya kubembeleza."

Wewe ukaruka. "Ndiyo, Baba! Nifundishe!"

Mlisimama pale wawili, mmefanana nyuso, mnaningoja. Ningekataa vipi? Na nikikufundisha, ungekuja kufanya nini tena Mikumi? Nikakufundisha. Nikakuonyesha kila kitu ila kimoja nilikigeuza. Nilikuambia kabureta inarekebishwa alfajiri, injini ikiwa baridi, imelala na kutulia. Nilikuambia kwa sauti ya kifundi kabisa, hata nikainua kidole.

Hujawahi kujiuliza kwa nini mimi nilikuwa nazunguka na pikipiki mpaka kituo cha mafuta na kurudi kabla ya kugusa skrubu? Ulidhani natafuta sifa barabarani. Nilikuwa naipasha moto. Injini baridi inataka petroli nyingi kuliko injini moto. Ukiirekebisha baridi itakuimbia vizuri pale nyumbani, halafu ikishapata moto njiani ile petroli inaizidi, inaanza kutoa moshi, plagi inalowa, inakufa.

Na ikafa. Mjomba wako alikuwa anakwenda Kilosa mkutanoni, kavaa suti yake ya Kaunda ya kijivu, kalamu mfukoni. Ilimzimikia njiani jua la saa sita, akaisukuma mpaka mjini, akaingia mkutanoni uso mweusi kwa masizi, na katibu akamwuliza kama kijiji chake kimeanza kuchoma mkaa. Aliporudi akasimulia mwenyewe, anajicheka, hakuwa na kinyongo. Lakini Kisanga ni Kisanga. Watoto wa shule wakaanza kukuita Fundi Moshi, na ukipita kisimani wanapiga chafya.

Nilipopata habari hiyo, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi ni raha. Nikasema, sasa atarudi.

Basi sikiliza ya kweli, nakuandikia taratibu kama mtu anayemwaga mafuta kwenye chupa. Kwanza iwashe, ipande au iache ingurume mpaka ubavu wa injini ukiugusa unaondoa mkono haraka. Ndipo uchukue bisibisi. Ikaze skrubu ya hewa mpaka ikutane na mwisho wake, kwa upole, usiilazimishe, kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu, kila injini ina pake. Ilegeze na kuikaza kidogo kidogo huku unasikiliza. Sauti itapanda, itapanda, itasafika, halafu ukizidisha itaanza kudhoofika. Rudi kwenye ile iliyosafika. Kisha punguza mwendo kwa ile skrubu nyingine, ya kupandisha na kushusha mwendo, mpaka ingurume kwa utulivu. Piga resi ghafla. Ikisita kama mtu aliyesahau jina lake, hewa imezidi. Ikigugumia na kutoa moshi mzito, petroli imezidi. Ikiitika palepale, iache, usiichokonoe tena. Mwisho ipeleke safari, rudi, fungua plagi uitazame: iwe na rangi ya karanga iliyokaangwa. Nyeusi na imelowa, petroli nyingi. Nyeupe kama jivu, simama hapo hapo, maana hewa imezidi na pistoni itaungua.

Walimu wako watakuwa na majina mazuri zaidi ya vitu hivi. Wasikilize, na ujue hivi sasa nawaonea wivu na wao, sijawaona hata sura. Ile springi nimeirudisha leo, mjomba wako alipokwenda kuswali adhuhuri. Pikipiki yake sasa haitarudi hapa kwa muda mrefu. Sawa tu, nyuma yake hatakuwepo mtu.

Nakusikia unasema, kumbe Baba ndiye aliyenitia kwenye moshi. Ndiye. Na ningependa barua iishie hapa, kwa sababu hapa bado naweza kusema nilifanya kwa kukupenda, nilitaka uje unione. Mtu anaweza kusamehewa hilo, hata mama yako angenuna siku chache tu. Lakini lile la kurekebisha injini ikiwa baridi ungeligundua mwenyewe. Ungekaa na injini ile, ungejua. Kilichokuzuia kukaa nayo ni kingine.

Kabla sijakisema, jambo la mjomba wako. Jina lako lilipofika kwenye kikao cha kijiji, wazee walisema huyu si yule wa moshi? Mama yako kanisimulia mjomba wako alivyojibu. Alisema, "Kakosea mara moja. Mimi mwenyekiti wenu niliwapandisha alizeti kwenye bonde la maji, mkanichagua tena." Watu wakacheka, jina likapita. Yule aliyesukuma pikipiki juani na suti yake ndiye aliyekuamini. Nimelimeza hilo tangu mchana na bado halijashuka. Alipokunywa chai yangu leo nilimwongezea kikombe cha pili, ukiona sukari imepungua ujue.

Sasa, ile siku uliyokuja baada ya kuitwa Fundi Moshi. Mlifika adhuhuri, pikipiki imetoka mbali, injini inawaka moto. Mjomba wako akaenda msikitini. Ulikuwa umenuna, hukuniomba kitu. Ukachuchumaa, ukachukua bisibisi mwenyewe, pikipiki bado inanguruma. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika kitambaa. Ukakaza, ukalegeza, ukafumba macho. Sikukufundisha kufumba macho. Sauti ikapanda, ikazidi kupanda, ikawa safi, safi mpaka mtu wa duka la jirani akatoa kichwa nje. Ukasema, "Baba, hapo. Umesikia?"

Nilisikia. Tangu kipikipiki cha Mgiriki mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kuifikisha injini mahali pale. Nakaribia, kila mara nakaribia, najisifu, watu wanaamini. Wewe ulifika kwa mara ya kwanza, hujamaliza hata shule, macho umefumba. Na hapo ndipo wivu ulipomwacha mjomba wako ukakugeukia wewe.

Nikakunyang'anya bisibisi. Nikaizungusha ile skrubu kutoka pale ulipoiweka, injini ikaanza kugugumia, nikasema, "Bado. Huna sikio, mwanangu. Kazi hii inataka sikio." Ukaniangalia. Ukafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, ukaenda kukaa kwenye benchi. Tangu siku hiyo hujagusa injini. Mjomba wako aliporudi akauliza, "Vipi, kajifunza?" nami, nikijua kabisa kwamba unanisikia, nikamjibu, "Huyu mtafutieni cherehani."

Mama yako anadhani neno la kushona umelitoa kichwani mwako. Nililitia mimi.

Nawaona mnarudi, mmebeba mihogo ya Bibi Mwajuma, mjomba wako amesimama kuwapokea. Naifunga barua hii naitia chini kabisa ya sanduku, uikute ukiwa umekwishafika, nisije nikakuangalia usoni unapoisoma. Ulisikia sawasawa, Tatu. Pale uliposema hapo, ndipo palipokuwa. Mimi niliyesema huna sikio nilikuwa nimesikia.

Ni mimi baba yako,
Yusufu, fundi wa Mikumi